Sauti Niliyoifuata Minova

Nilisafiri kwa sababu ya sauti. Mume wangu Faustin alikwenda kuchimba dhahabu Shabunda. Shimo likaporomoka, wenzake wakarudi bila mwili wake. Mama mkwe alitaka tufanye matanga. Nilikataa, miaka yote nikakataa. Kisha jirani yangu mfanyabiashara akaniletea, kwenye simu, sauti ya muuzaji wa maharagi aliyemrekodi kwenye soko la Minova akiwaita wateja waje: "Kuya uone, maman, kuya uone!" Ilikuwa sauti ya Faustin kabisa.

Kabla ya kuondoka Bukavu niliaga kazini, kwenye hospitali moja ya Ibanda ambako namtafsiria daktari wa Sri Lanka, Mbudha. Nilimsikilizisha ile sauti. Akaniambia kwao kuna sifa ya moyo iitwayo amoha, kutodanganyika: kukiona kitu kilivyo, bila kukiongezea unachokitamani.

"Na mapenzi je?" nikamuuliza kwa hasira. "Yanatupwa?"

"Hapana. Nenda ukaone tu."

Ni rahisi kusema hivyo, kwa mtu ambaye mke wake anampigia simu kila jioni.

Asubuhi boti ikaiacha bandari. Nilivaa kitenge alichokipenda Faustin. Kisiwa cha Idjwi kilipita upande wa kulia na sikukitazama, nilikuwa napanga maneno ya kumgombeza kwanza, kabla ya kulia.

Minova, sokoni, niliisikia sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Nikapenya katikati ya watu. Nyuma ya magunia alisimama mzee mfupi mwenye kipara, na ndiye aliyekuwa akiita.

"Maman, unalia nini?" akauliza.

Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Pole sana, maman. Sasa mimi nifanye nini?"

"Uite tena, papa. Mimi nitafunga macho."

Akaita, polepole mara hii. Na Faustin alikuwa pale, mzima, karibu kiasi cha kumgusa. Ningeweza kubaki hivyo hadi soko lifungwe, nilitamani, sitawaficha. Mzee angeniitia mpaka akauke koo, kwa huruma aliyokuwa nayo. Lakini ilikuwa sauti yake, aliyopewa ya kuuzia maharagi yake na kuitia watu wa nyumbani kwake. Nikafungua macho mwenyewe.

"Unipimie maharagi, papa," nikasema.

Wakati wa kurudi nililia njia nzima, na abiria wakaniacha nilie.

Bandarini Bukavu mama mkwe alikuwa ananingoja. Yeye aliyenisumbua miaka yote kuhusu matanga alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, na macho yake yalimtafuta mwanawe nyuma yangu.

"Haiko yeye, maman," nikamwambia.

Akaketi juu ya gunia langu la maharagi, palepale njiani. Nikaketi kando yake.

"Tufanye matanga," nikasema.

Maharagi yale ya Minova ndiyo tuliyowapikia waombolezaji. Bado namtamani Faustin kila siku, tena zaidi ya zamani. Ila ninayemtamani sasa ni yeye mwenyewe, aliyekufa Shabunda.