Wanaume Kumi Kwenye Bango

Anko yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alistaafu ukarani akabaki nyumbani Ruiru bila kazi, akaamua kutuchorea ukoo kwenye bango. Miezi minne alitusumbua kwenye grupu ya familia. Mwishowe akaita mkutano wa ukoo pale Kamakis, tule nyama na tuonyeshwe "damu yetu ilikotoka".

Mama alitaka kitu kimoja tu: jina la mama yake liwe kwenye hilo bango. Kukhu, kama tulivyomwita nyanya huyo kwa lugha ya kwao magharibi, ndiye aliyekuja Makongeni kutulea mama alipokuwa akifanya zamu kwenye kiwanda cha nguo. Hakuacha picha hata moja. Mama alimpigia anko simu mara tatu, na mara zote akajibiwa, "Usijali, shemeji, mtakuwemo wote."

Wote! Bango lilipofunguliwa, niliona wanaume kumi, mmoja juu ya mwingine. Baba, babu tunayemwita guka, baba ya guka, hadi juu kabisa. Wanaume wanazaa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyeona uchungu. Anko akakohoa, akatangaza, "Hawa ndio wote waliotuzaa."

Sikungoja nyama iive. Nikachukua tishu nikamfanyia hesabu ya watoto wa shule. Mimi nina wazazi wawili. Hao wawili wana wazazi wanne. Wanne wana wanane, halafu kumi na sita, na kila ukipanda unazidisha mara mbili. Ukifika kizazi cha kumi, ni watu elfu moja na ishirini na nne.

"Anko, kati ya hao wote umepata mmoja, halafu unavimba hivyo?"

Akasema haiwezekani, zamani watu hawakuwa wengi namna hiyo. Hapo aligusa ukweli, ingawa kwa bahati tu. Watu wa mahali pamoja huoana tena na tena, kwa hivyo huko juu mtu mmoja anaweza kukalia nafasi mbili au tatu, na hesabu inapungua. Lakini ipungue hadi mwanaume mmoja peke yake? Aaa, wapi! Hata kuku hawazaani hivyo.

"Majina ya wanawake yalipotea," akasema, kama mtu anayezungumzia funguo.

Ngai! Yapotee kwetu? Sisi ambao msichana wa kwanza lazima apewe jina la shosho, nyanya wa upande wa baba, na wa pili la shosho wa upande wa mama? Dada yangu, msichana wa pili kwetu, alikuwa pale pale mezani na jina la Kukhu, akitafuna mbavu. Kifungua mimba wa anko naye amebeba jina la mama ya anko, ndiyo maana anko humwita "mami" tangu akiwa mchanga. Nilitaka kumtolea hayo yote, lakini mama alinifinya mkono.

Mpiga picha akatuita tusimame mbele ya bango. Mama akabaki kwenye kiti.

"Nendeni nyinyi. Mimi sioni watu wangu hapo."

Nilimchukia anko kwa moyo wangu wote.

Binti yake huyo akamwita, "Baba, njoo basi, tunakungoja!"

"Nakuja, mami," akajibu, kisha akasimama ghafla. Akaligeukia bango, akalisoma kutoka juu hadi chini, akarudia tena. Huyu ndiye aliyelia kuliko sisi sote siku tulipomzika mama yake.

Akatoa kalamu mfukoni, akaandika jina la mama yake kando ya la baba yake. Halafu akamjia mama pale kwenye kiti, akainama.

"Shemeji, na mama yako aliitwa nani?"

Mama akaelekeza kidevu kwa dada yangu.

"Unamwita mtoto wangu kwa jina hilo tangu azaliwe. Hukuwahi kuuliza ni la nani." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu."