Siku Tuliyoificha Sauti ya Jenereta

Wapendwa vijana wenzangu, mlitaka nisimame mbele niseme Mungu amenitendea nini. Mnanijua. Nikisimama mbele ya watu sauti inapotea. Kwa hivyo nimeandika, na mwenye ujasiri anisomee.

Tunaishi Shauri Moyo, mimi, Mama na Baba. Baba anafanya kazi reli. Mama ni fundi wa nguo na chumba chetu ndicho duka lake: cherehani ya umeme kando ya kitanda, vitambaa chini ya meza, na mimi kwenye kigoda nikishona vifungo shule zikifungwa. Mwaka ule stima ilikuwa inakatwa mchana kutwa, kwa hivyo Mama akakodi jenereta ndogo kutoka soko la Gikomba. Mwenye jenereta alituonyesha namna ya kuvuta kamba, akasema, "Hii kitu ikae nje, mama, mbali na mlango. Na msiongeze petroli ikiwa bado moto." Tukaiweka uani, tukaifunga mnyororo kwenye nguzo. Wiki mbili hatukuona shida.

Kisha mume wa Mama Akinyi, jirani wa mlango wa pili, akafariki. Viti vikapangwa uani, watu wakawa wanakuja kila siku kulia na kuomba. Wanawake wa kikundi cha Mama Akinyi wakamwomba Mama awashonee magauni ya kufanana ya kwenda nayo mazishini. Mwili ulikuwa usafirishwe Ijumaa. Alhamisi asubuhi magauni saba yalikuwa bado.

Tulipowasha jenereta, pasta alikuwa katikati ya maombi. Mzee mmoja wa familia akaja mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Nafula, samahani sana. Hiyo mashine yenu inashindana na pasta."

"Woi, baba, nisamehe."

"Tunajua ni kazi yetu unafanya. Lakini ni matanga."

Mama aliona aibu, akashindwa hata kumwangalia. Kwetu, kelele penye matanga ni kama kumcheka aliyefiwa. Akazima. Tukaibeba sisi wawili mpaka jikoni, kale kachumba kaliko nyuma ya chumba chetu. Tukafunga mlango wa nje, tukaziba kidirisha kwa gunia tulilolowesha maji ili sauti isitoke. Mlango wa kati tukauacha wazi kidogo, waya upite. Tukaona tumeonyesha adabu. Mwanzoni petroli ilinuka sana, kisha tukaizoea.

Saa tano hivi kichwa kikaanza kunigonga. Nilidhani ni siku zangu, maana zilikuwa karibu. Tumbo likachafuka. Nilitaka kumwambia Mama, lakini nilimwona amekazana na kazi, nikaona haya kumsumbua. Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Muda si muda Mama akashona mkono wa gauni kwenye shingo. Mama yangu, ambaye hukata kola bila hata kupima!

"Nafula, hebu ona. Huyu mama atatoa kichwa wapi?"

Tukacheka. Nilicheka mpaka machozi, kumbe hata kicheko chenyewe hakikuwa kizima. Akasema, "Macho yangu leo..." akalaza kichwa juu ya cherehani. Nikajaribu kusimama. Miguu sikuisikia. Nikaanguka, nikatapika, nikajua nimejikojolea, na sikuweza kusogeza hata kidole. Nilimwita Mama. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mama Akinyi, mjane mwenyewe, alikuja kuulizia magauni. Alisikia jenereta inanguruma ndani lakini cherehani kimya. "Hodi! Mama Nafula, mmelala na kazi yangu?" Akasukuma mlango, akapiga nduru. Wanaume wa matanga wakatubeba, wakatulaza chini katikati ya viti. Watu waliokuwa wanamlilia mmoja wakaanza kuwalilia watatu.

Nilizinduka hospitalini, oksijeni usoni, kichwa kama kinapasuliwa. Daktari alikuwa anamweleza Baba.

"Moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu. Petroli waliinusa, lakini kinachoua pua haikisikii. Kinashika damu, mwili unakosa hewa."

"Na gunia la maji je?"

"Gunia lilizuia sauti, mzee. Na sumu likaifungia ndani."

"Mama yake ataamka?"

"Tungoje."

Ijumaa Mama hakuamka. Nililala upande wangu nikihesabu pumzi zake. Ikichelewa moja, nami naacha kupumua. Jumamosi akafungua macho, akaniangalia sana.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nililia kuliko siku yoyote. Daktari akasema ubongo umeumia, tuwe na subira. Kesho yake akaniita jina. Lakini hata nyumbani alikuwa akishika uzi na sindano na kuvitazama tu. Ilipita kama miezi miwili ndipo akashona sketi, ikanyooka. Mimi nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kukumbuka neno. Sasa nakumbuka. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mama Akinyi, aliyerudi kutoka mazishini akaja moja kwa moja kwetu. Alisema, "Mngeiacha ilie huko nje. Sisi pia tulikuwa tunalia."

Wapendwa, jenereta ikae nje, mbali na mlango na dirisha la kila mtu. Hata mvua ikinyesha, hata kukiwa na matanga. Kama haiwezi kukaa nje, izimwe, kazi ingoje. Na kichwa kikikuuma ikiwa inanguruma karibu, toka, na umtoe uliye naye.

Juzi ndipo nilipopata nguvu za kumwambia Mama kwamba kichwa kiliniuma mapema nikanyamaza. Alikuwa anapiga pasi. Akaiweka kando.

"Mimi pia kiliniuma," akasema. "Nilinyamaza nisikutishe."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Semeni, jamani. Kichwa kikianza tu, semeni.