Mama na Daftari la Geti

Mama alitaka jambo moja tu akifa: alazwe kando ya baba. Baba alikuwa ndani ya kambi ya jeshi.

Hakuwa askari. Alikuwa fundi cherehani hapa Arua, akishona viraka vya sare za watu, na tulimzika penye shamba letu la muhogo, nyuma ya nyumba. Kisha kambi ikapanuliwa. Seng'enge ikasogea, ikameza nyumba, muhogo na baba. Tulipewa kiwanja kingine kule Oli. Baba hakupewa.

Sisemi kambi ilikuwa mbaya. Mji huu umelelewa nayo. Wanawake walibandika uji tarumbeta ikilia, na kikosi kilipohamishwa na tarumbeta yake, wiki nzima tulichelewa shule. Kiswahili tulikipata kwa askari: kwanza amri, halafu matusi, salamu mwisho kabisa.

Basi kila Jumamosi mama alikwenda getini na panga lake kufyeka kaburi. Panga halikuruhusiwa kupita. Kwa hiyo askari walifyeka wao, naye akasimama juu yao akielekeza.

"Hapo umeacha, wewe mtoto! Mama yako hakukufundisha kazi?"

"Pole, mama. Mimi nafyeka tena."

Wakapaka chokaa mawe ya njiani, wakalipaka na kaburi. Loo, lilipendeza kuliko kaburi lolote la Oli. Mama alijivuna bila haya.

Ugomvi ulikuwa daftari. Kuingia, mama alibonyeza kidole gumba kwenye wino. Kutoka, alikataa katakata.

"Mama, wewe lazima weka kidole ya kutoka."

"Ya nini? Jumamosi narudi. Kidole changu si muhuri wa posta."

Akajiendea zake. Askari wakachoka naye, wakaacha nafasi wazi.

Mkuu wa kambi alimwahidi kwa mdomo kwamba siku ikifika ataingia. Mama akafurahi, akaacha kuniuliza atazikwa wapi. Mkuu huyo akahamishwa. Mama akafa juma lililofuata, katika hospitali kule Kuluva, na ahadi ikabaki haina mwenyewe.

Wajomba walifika kutoka Ludara, Koboko, na pikapu tayari.

"Mjomba, sisi tunamchukua dada yetu," alisema mkubwa wao. "Kwetu hakuna geti."

Niliogopa sana. Alikuwa na haki, na mimi sikuwa na karatasi hata moja. Nikawaomba wanisubiri nje ya kambi, mama akiwa ndani ya pikapu, nikaingia kwa mkuu mpya. Kijana, kiatu kinang'aa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Raia hazikwi kambini," akasema. "Mama yako simjui."

Askari wa geti alikuwa mlangoni, yule yule wa kufyeka. "Afande, iko ndani ya daftari," akasema.

Daftari likaletwa. Mkuu alifungua ukurasa, akafungua mwingine. Kidole gumba cha mama, kidole gumba cha mama, Jumamosi baada ya Jumamosi, na upande wa kutoka mweupe. Nilijua atauliza ni uzembe gani huu. Askari wa geti naye alijua, maana alikuwa akitazama dari.

Mkuu alirudi ukurasa wa kwanza.

"Kwa daftari hili," akasema, "mama yako hajawahi kutoka."

"Hajatoka, afande."

"Sasa mimi nitamzuiaje kuingia?" Akalifunga. "Mzike. Majembe mtapewa hapa hapa, msilete ya kwenu."

Wajomba walichimba pamoja na askari. Mjomba mkubwa alilalamika kuhusu udongo hadi alipoanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa na kazi ya kuhakikisha hawaachi majani pembeni, mama angenigombeza.

Tulipomaliza tulipanga foleni getini kusaini kutoka, mmoja mmoja, wajomba kwanza. Mstari wa mama ulikuwa juu ya wangu, askari mwenyewe alikuwa ameuandika asubuhi tulipompitisha. Alinipa kalamu, akaangalia pembeni.

Nilisaini wangu. Wake niliuacha wazi, ndipo nikalia.