Ujerumani Aliyoichoma Obdulia

Obdulia aliichoma Ujerumani kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu Bueu, mji wa wavuvi, jioni ya San Xoán, sikukuu ya mioto ya mwezi Juni, kila mtu huleta kwenye moto wa ufukweni kitu anachotaka kimtoke maishani: barua za mchumba mpumbavu, daftari za shule, kiti kibovu. Halafu unauruka moto mara tisa. Mwaka aliorudi, Obdulia alileta bahasha nene yenye hati zake zote za mshahara za kiwanda cha mpira cha Hanau. Alikuwa amechoka na baridi ya kule. Akaitupa, akaruka, akala sadini na mkate wa mahindi, akalala fofofo.

Ujinga mtupu. Lakini ni ujinga wetu sote, kwa hiyo tusimcheke sana.

Miaka arobaini baadaye yuko kwenye kiwanda cha vyakula vya kopo, anamenya kome, na vidole havikunjiki tena. Ili apumzike na pensheni lazima awe na miaka kumi na mitano ya michango. Hapa anayo saba tu. Kabla ya hapo alichimba chaza ufukweni, na kazi hiyo hakuna aliyeiandika popote.

Akaanza kuota. Ndoto ile ile: theluji uani mwa kiwanda, kengele inalia, mlinzi anamwomba kitambulisho. Anafungua kiganja, ndani kuna majivu. Anaamka chumba kizima kinanuka mpira.

Mwishowe akaenda ofisi ya pensheni. Dirishani alikuwepo Iria, msichana wa rika la wajukuu zake.

"Bibi, uliwahi kufanya kazi nje?"

"Niliwahi, mwanangu. Ila niliichoma."

"Ulichoma nini?"

"Ujerumani."

Iria akaweka kalamu chini. "San Xoán?"

"San Xoán."

"Jamani, nyie! Mama yangu naye alichoma Uswisi nzima. Sikiliza bibi, iliyoungua ni karatasi yako. Wajerumani wana rekodi zao. Na huendi kokote. Unaomba hapa hapa unapoishi, sisi tunawaandikia, miaka ya kule inajumlishwa na ya hapa. Kila nchi inakulipa kipande chake. Namba yako ya bima ya kule unaikumbuka?"

Obdulia akafumba macho. Namba ikatoka yenyewe, kwa Kijerumani, kama mtu anayeongea usingizini. Hakuwa ameitamka tangu ujana wake.

"Kiwandani ulikaa muda gani?"

"Miaka mitano na miezi tisa. Ila kurudi nilirudi baadaye sana."

Iria akapiga hesabu. "Jumla kumi na miwili na miezi tisa. Haitoshi, bibi."

Yaani miaka mingine miwili na zaidi ya kome, kwa vidole vile.

"Lakini umesema ulirudi baadaye sana. Hii miaka ya mwisho ulikuwa wapi?"

"Kule kule. Sikufanya kazi, nilikaa tu na mtoto."

"Alizaliwa huko?"

"Hanau, Februari, theluji mpaka dirishani."

"Ukamlea huko huko?"

"Sasa ningemlea wapi, mwezini?"

Iria akavuta fomu nyingine. "Wale wanahesabu na malezi ya mtoto kama miaka ya kazi. Tunaomba."

Majira yote ya baridi Obdulia aliendelea kumenya kome na kuota. Ila sasa mlinzi wa ndotoni hakuuliza kitambulisho. Alisimama tu getini, theluji mabegani, akimwangalia.

Barua ya Wajerumani ilifika Aprili, kupitia ofisi ya Iria. Maisha yake yalikuwa yamepangwa mwezi kwa mwezi: mwezi alioanza, mwezi aliougua, mwezi aliohamishiwa kwenye mashine kubwa. Alisoma taratibu, kidole juu ya mstari, na kila mstari ulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha kuna yeye, binti mwembamba mwenye koti la kuazima. Chini kabisa, miezi thelathini: malezi ya mtoto. Pembeni Iria alikuwa ameandika kwa kalamu: *Kumi na mitano na miezi mitatu. Kapumzike.*

Akampigia simu mwanawe, Brais, yule wa Hanau.

"Wajerumani wamekuandika."

"Wameniandika nini, mama?"

"Kazi. Ulikuwa kazi."

"Ngumu?"

"Afadhali mpira. Mpira haulii saa tisa usiku."

Jumatatu alirudisha aproni na glovu. Mwaka huo, San Xoán, tulimwona ufukweni anakula sadini, mbali kabisa na moto, mkoba wenye ile barua ameubana kwapani. Tukamwita aje aruke. Akatikisa kichwa.

"Rukeni nyie. Mimi leo sina kitu cha kuchoma."