Spika Nyuma ya Kiti cha Mama

Juzi mwanangu alikuja nyumbani na gari lake, akaniambia niingie ndani nisikie kitu. Alikuwa ametoka mjini Nyeri kubadilishiwa redio, maana ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani aliiona ya kizee. Kulikuwa na spika kwenye milango, spika nyuma, na sanduku moja kwenye buti lililonipiga mgongoni mpaka nikafikiri moyo umehama. "Mama, unasikia?" akauliza, uso umemng'aa. Nikamwambia nasikia. Kisha nikashuka, nikaenda nyuma ya boma kama mtu aliyetumwa kuni, nikalia. Maskini, alidhani amenikosea. Hakunikosea kitu. Ni vile hata sisi tuliwahi kubadilisha spika ya gari, rafiki yangu, na mimi mpaka leo sijapona.

Ilikuwa miaka ya sabini, huko Wamagana. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea viazi kutoka Endarasha hadi soko la Nyeri. Ilinuka viazi, petroli na makoti yaliyolowa. Redio yake ilikuwa na kispika kimoja chini ya dashibodi, kikiongea kama mtu aliyefunikwa sufuria kichwani. Lakini nyumba yetu ilikuwa bondeni karibu na mto, na redio ya nyumbani ilishika mikwaruzo tu. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa, baba alipanda na pikapu mpaka juu, karibu na kituo cha kuuzia majani chai, akaegesha. Yeye usukanini, mama kando ya dirisha, mimi katikati na viazi vya kuchoma mapajani, vimefungwa kwa gazeti, vikiniunguza kupitia gauni. Hapo tulingoja salamu.

Kama wewe ni wa juzi, hebu nikueleze. Watu walinunua kadi za salamu dukani, wakaandika majina ya wale wanaowasalimu, na chini ujumbe mfupi, wakazitia posta. Mtangazaji alizisoma redioni moja baada ya nyingine, akipiga muziki katikati. Zilikuwa nyingi mno, na kadi ingeweza kukaa huko majuma kadhaa kabla ya kusomwa. Kaka yangu, kifungua mimba wa nyumbani, alikuwa amepata kazi ya ghala Mombasa, na kwa kadi alikuwa hajambo kabisa! Alinunua furushi, akazijaza zote siku moja, akazituma pamoja. Barua pia alituandikia, na mimi ndiye niliyemsomea mama. Lakini kwa mama barua haikuwa kitu. Alitaka kusikia jina la mtoto wake likitoka kwa redio.

Sasa shida. Mama alikuwa na sikio moja. La kushoto liliharibika akiwa msichana, likabaki la kulia. Siku kadi ya kaka iliposomwa mara ya kwanza, kile kispika kilimeza maneno, na mama akaokota "Mombasa" peke yake. "Amesema nini? Ati amesema nini?" Nikamweleza yote. Wapi! Kuelezwa na kusikia ni mambo mawili. Jioni githeri iliungua jikoni na yeye amekaa hapo hapo karibu na sufuria.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Kesho yake akanichukua, shule zilikuwa zimefungwa, tukaenda Majengo, pale mjini Nyeri, kwa fundi wa redio, mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti. Fundi akamwonyesha redio mpya ya gari, yenye mahali pa kaseti. Baba akatikisa kichwa. Pesa za maziwa hazingefika huko hata tungemkamua ng'ombe mifupa.

"Basi redio yako tuiache," fundi akasema. "Haina neno. Spika ndiyo mbovu. Wataka ya kupigia dansi?"

"Dansi ya nini? Nataka mama ya watoto asikie mtu akiongea."

"Yeye hukaa upande gani?"

"Hapa kushoto. Na sikio yake yenye iko sawa ni ya kulia."

"Basi spika tutampelekea huko huko sikioni," mzee akasema, akacheka, akaanza kupekua makorokoro yake.

Alichomoa spika nzuri kwenye redio kubwa ya sebuleni iliyokufa zamani. Seremala jirani yake akaipigia sanduku la mbao chakavu, likafungwa nyuma ya kiti, usawa wa bega la kulia la mama. Fundi akaweka antena ndefu, akakwangua kutu pale waya yake inapoingilia. Halafu akamwambia baba alete kitambaa kizito cha kujaza sandukuni, sauti isirudi kama ya pangoni. Baba naye, bila kuuliza mtu, akaenda akachukua blanketi kitandani kwa kaka, akaikata nusu. Mama alimrukia! "Na akikuja Krismasi atajifunika nini? Kadi?" Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumwona akicheka hivyo tena.

Jumapili tulipoijaribu, mtangazaji aliingia garini akaketi nasi. Mama alifumba macho, akageuza shingo kidogo, halafu akapiga kelele, "Amemeza mate! Nimemsikia akimeza mate!" Tukala viazi vyetu kwa raha. Kadi ya kaka haikusomwa siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata. Tukasema itakuja.

Ilikuja telegramu. Ilikuwa malaria. Mtoto wa baridi kama yeye hakuwa na nguvu za kupigana na homa ya pwani, na kabla hatujajua ni mgonjwa alikuwa ameshafariki. Aliletwa, tukamzika chini ya mibuni. Siku hizo sitazisimulia, utanisamehe. Nusu ya blanketi iliyobaki mama aliikunja, akaiweka chini ya mto wake.

Baada ya hapo redio ya pikapu haikuguswa. Hata mimi niliichukia. Mpaka Jumapili moja, tumetoka kanisani, mvua inanyesha, baba amesimama pale juu kupangusa kioo, mama akanyoosha mkono akaiwasha. Nadhani ulikuwa ni mkono tu uliozoea. Mtangazaji akasoma kadi ya mtu wa Kitale, akasoma nyingine, kisha akasema, kadi hii inatoka Mombasa. Akataja jina la kaka yangu, jina lake na la baba, vizuri, bila haraka. Anamsalimu mama yake mzazi, anamsalimu baba, anamsalimu dada yake mdogo aliye shuleni. Na ujumbe wake unasema: mama, Krismasi niko nyumbani, uniwekee viazi vya jivuni.

Hakuna neno lililopotea. Spika ilifanya kazi yake sawasawa, tena karibu kabisa na sikio la mama.

Baba alirukia kifungo. Mama akamshika mkono. "Usiguse! Wacha!" Muziki ukapigwa, gitaa la furaha, na mama hakulia. Alibaki akitazama mvua. Kisha akasema, polepole, "Huyu huwa hatumi moja. Ziko zingine."

Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kuingia kwenye pikapu. Krismasi ikaja, akachoma viazi jivuni, hakuna aliyevila. Januari kuna baridi ya asubuhi inayokata midomo, na mama yumo ndani ya gari na leso kichwani, sikio moja wazi. Jirani yetu mmoja alisema mlangoni kwetu kwamba huyo mama apelekwe akaombewe, atashikwa na wazimu. Baba alimjibu neno ambalo sitaliandika. Lakini nilimwona akikonda. Kila kadi ilipoanza kusomwa, hakumtazama mtangazaji aliyekuwa sandukuni, alimtazama mama.

Halafu Jumapili moja mtangazaji akataja jina la baba. Mama alidhani ni mwisho wa jina la kaka, akaruka kitini mpaka kichwa kikagonga juu. "Ni yeye! Nyamazeni!" Hatukuwa tumesema kitu. Kadi inatoka Wamagana, mtangazaji akaendelea. Anamsalimu mke wake. Akamtaja mama kwa jina lake mwenyewe, la usichana, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwa baba, kwa maana siku zote alimwita kwa jina la kaka, mama fulani. Ujumbe wake unasema: pole. Hata mimi nalia.

Baba alishika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari linateremka. Machozi yalikuwa yakimtoka mbele yangu, mwanaume mzima, wala hakuyapangusa.

"Ni wewe uliandika?" mama akauliza.

"Ni mimi."

Mama akalia sasa. Alilia kile kilio alichokataa kulia mazikoni, ameweka paji la uso kwenye bega la baba, na mimi katikati nimebanwa na wote wawili. Alipomaliza akasema, "Zima. Turudi nyumbani." Baba akazima. Hatukupanda tena pale juu kungoja salamu.

Leo pale pa kuegesha pamejengwa maduka. Kadi hizo huzioni popote, na wajukuu wangu wakitaka kunisalimu wananipigia simu hata nikiwa naoga. Pikapu iliuzwa kwa watu wa vyuma, na sanduku lake. Mama alitangulia. Baba alipokuwa mgonjwa, karibu na mwisho wake, alinivuta karibu akanieleza kitu ambacho hakuwahi kumwambia mama. Jumapili moja baada ya ile tuliyozima redio, kadi nyingine ya kaka ilisomwa. Mama mmoja wa Endarasha aliyekuwa akimuuzia viazi ndiye aliyeisikia jikoni kwake, akamwambia Jumanne walipokutana, "Kijana yako anawasalimu sana." Hakujua amekufa.

Nikamuuliza baba, alisema nini? Ujumbe ulikuwa gani?

"Nilimuuliza," baba akasema. "Alikuwa amesahau."