Koti la Mikono ya Kushoto

Watu walimwita fundi huyu wa nguo Futi kwa sababu zamani hakuhitaji futi ya kupimia. Mteja akiingia kibandani alimkagua mara moja tu, na vipimo vyote vikamkaa kichwani hata mwaka mzima. Halafu ikaja pombe, na pombe haina adabu: huingia kama mgeni, ikizoea hujifanya mwenye nyumba.

Siku moja alikata koti la bwana harusi. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikutosha kukunjwa mikono yote miwili ikatwe pamoja, ikabidi akate mmoja mmoja. Akasahau kugeuza karatasi ya mfano, akatoa mikono miwili ya kushoto. Mteja aliondoka akitukana. Dada yake Futi, mwenye kibanda, hakugomba. Alitundika koti msumarini, akafungia mkasi kabatini, na tangu hapo ndugu yake akawa mtu wa kushona vifungo tu.

Aibu hiyo ndiyo iliyompeleka kliniki. Aliacha pombe, akairudia, akaacha tena. Siku majibu ya damu yaliposema ini linapona, alirudi kibandani kifua mbele, akitaka mkasi wake.

"Damu haikati koti, mdogo wangu," dada alimwambia. "Kichwa je?"

Lilimchoma, maana lilikuwa swali la haki. Akarudi kwa daktari apimwe kichwa. Akatajiwa maneno matano, wakazungumza mengine, kisha akatakiwa ayarudie. Manne yalikuja. La tano likagoma katakata. Daktari hakushtuka. Alimweleza kwamba ini lake limetangulia, kichwa kinafuata polepole, mradi chupa ikae mbali.

Njiani alitamani kudanganya. Enzi zake uongo ulimtoka kabla ya salamu.

"Nimekumbuka maneno manne kati ya matano ya daktari, dada," alisema alipofika. "Moja limenipotea."

 Dada alifungua kabati, akatoa mkasi, na chini yake kipande cha kitambaa kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa cha aina ile ile ya koti, cha kutosha mkono mmoja. Alikitafuta dukani zamani, akakiweka. Futi alilia, wala hakujificha.

Alilaza karatasi, akaigeuza. Akasita. Akaenda msumarini, akailinganisha na koti lenyewe, akarudi, akapima tena kwa futi, yeye aliyekuwa hapimi.

"Wa kulia?" dada aliuliza.

"Wa kulia," alisema, akakata.

Jioni dada alifunga kabati kama kawaida. Mkasi aliuacha mezani, upande wa ndugu yake.