Krismasi Iliyohamia Landi

Mwaka wa 1948 Nanzala alikuwa na kilio alichokiweka akiba. Mtoto wake wa pili, mvulana wa miezi miwili, alikufa kwa kichomi mwezi wa Julai, baridi ya Eldoret ilipokuwa inaingia mpaka chini ya blanketi. Mumewe Khisa na wenzake wa stesheni walimzika siku ileile kwenye makaburi ya mji, na kesho yake Khisa akarudi kazini kupima magunia. Nanzala alipoanza kulia, Khisa alimwambia, "Nyamaza, Mama Selpha. Mungu atatupa mwingine." Hakusema kwa ubaya. Hakujua la kusema, na wanaume wasiojua la kusema husema hilo.

Tena, landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, zilijengwa kwa mabati, chumba kimepakana na chumba. Ukikohoa, jirani wa mlango wa tatu anakupa pole. Mahali kama hapo mtu hawezi kulia akamaliza. Nanzala akajiambia, basi, nitangoja Desemba. Kila Krismasi walikwenda Kimilili kwa wazazi wa Khisa, na siku ya pili yake aliruhusiwa kwenda kumwona mama yake mzazi, mwendo wa saa moja kwa miguu. Ilikuwa siku moja tu katika mwaka mzima. Mwaka huu angejilaza mapajani pa mama yake na kulia mpaka kilio kiishe.

Mwishoni mwa Novemba Khisa akaja nyumbani amepandisha mabega.

"Likizo hakuna," alisema. "Ngano imejaa godauni mpaka kwa mlango. Bwana stesheni anasema karani hatoki hata mmoja. Lakini mimi nimemaliza hayo maneno. Nimeandikia Mzee barua. Krismasi watakuja hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwangu! Kwani mimi sina nyumba?"

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, meza na jiko la makaa mlangoni.

"Si ungebaki na kazi, mimi na Selpha twende tu?"

"Na wageni wangu watapikiwa na nani? Halafu pasi ya treni mke anapewa akisafiri na bwana yake. Unajua hiyo."

"Na mama yangu je?"

Khisa alimkodolea macho kana kwamba ametukanwa. Alikuwa na haki ya kushangaa. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mzazi wa mkewe hawaonani uso kwa uso, wala mama huyo haingii kula nyumbani kwa mkwewe. Wakikutana njiani, mmoja hujitupa kichakani mpaka mwenzake apite. Sasa landini kichaka kiko wapi? Ulimwengu mzima uliweza kualikwa kwenye Krismasi ya Khisa, isipokuwa yule mtu mmoja ambaye Nanzala alimhitaji.

Basi Nanzala akajifunga kibwebwe. Alipaka ukuta chokaa mara mbili kwa sababu Khisa aliona doa. Alishona pazia la amerikani la kuficha kitanda, maana baba mkwe hapaswi kuona mahali mke wa mwanawe analala. Aliazima mabenchi kanisani na vikombe kwa Tryphosa, Mmaragoli wa mlango wa pili. Khisa naye kazi yake ilikuwa kuagiza. Alimwomba gadi mmoja wa treni amletee tawi la msonobari kutoka Timboroa, akalisimamisha kwenye debe katikati ya chumba, watu wakawa wanalizunguka kiubavu. Alilitazama kila jioni, ameridhika kabisa. Kuna siku Nanzala alitamani kulichoma pamoja na pazia, na pamoja na barua iliyowaita wageni.

"Uso wako huo utauficha wapi?" Tryphosa alimuuliza wakichekecha unga. "Wageni wakikuta umenuna watasema mke wa Khisa anafukuza watu. Hata kama roho inauma, cheka. Cheka tu, dada yangu, wataenda."

Asubuhi ya Krismasi Khisa alivaa koti na kwenda stesheni. Alirudi na baba yake, Mzee Murunga, na wajomba wawili. Mama Namalwa, mama yake Khisa, alichelewa nyuma. Alisema miguu imevimba kwa kukaa ndani ya treni, watangulie, atafika polepole. Alipofika hakuingia moja kwa moja. Alipitia kwa Tryphosa kuomba maji, akakaa huko kitambo, kisha akaja akamkumbatia Nanzala. Juu ya mtoto aliyezikwa hakuna aliyesema neno. Mzee aliomba sala ndefu, akashukuru kwa ngano, kwa reli na kwa nyumba hii mpya.

Kuku alikuwa mmoja. Na kwa watu hawa kuku ana firigisi, na firigisi ni ya mwenye nyumba, haigawanywi hovyo. Khisa alikuwa ameiwazia firigisi hiyo tangu Novemba. Nanzala alipoiweka mbele yake, Khisa akakumbuka kwamba baba yake amekaa pale, akaisukuma kwa heshima.

"Mzee, hii ni yako."

"Hapana. Nyumba ni yako."

"Siwezi kula wewe ukiwa hapa, Mzee."

"Na mimi siwezi kula kwa mji wa mtu mwingine. Kula!"

Sahani ikaenda, ikarudi. Wajomba wakafuata kwa macho. Sauti ya Khisa ikapanda, akaanza kueleza jinsi yeye ni mtu mkubwa pale stesheni lakini hajasahau adabu, na alipokuwa anaeleza, Selpha mwenye miaka minne alinyoosha mkono, akachukua firigisi, akaitia mdomoni.

Mzee Murunga alikuwa Mkristo wa siku nyingi, lakini hakuwahi kupenda kumwona mwanamke akila kuku, achilia mbali firigisi. Selpha akatafuna, akawatazama wote, akameza.

"Ni tamu," akasema.

Nanzala akacheka. Hakuwa amekumbuka ushauri wa Tryphosa; kicheko kilimtoka tu. Akacheka mpaka akashika meza. Mama Namalwa naye akacheka, wajomba wakacheka, hata Mzee akafuta macho. Wenzake waliponyamaza, Nanzala bado alikuwa anacheka, na akaona kwamba hawezi kuacha, kwamba nyuma ya kicheko kile kinakuja kitu kingine, chenye nguvu zaidi. Akauma pindo la leso yake mpaka kikarudi chini. Akainuka, akakusanya sahani.

Mama Namalwa alimfuata mlangoni.

"Nenda kwa Tryphosa," alimnong'oneza. "Usimwambie Khisa, hataweza kukaa. Nimekuja na mama yako. Alipanda behewa la mwisho. Jioni anarudi."

Nanzala akaziweka sahani chini, akaenda. Mama yake alikuwa amekaa kwenye gunia jikoni kwa Tryphosa, amejifunika shuka kichwani, ameegemea bati linalotenga vyumba viwili. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Alikuwa haoni ila vivuli. Majigambo yote ya mkwewe yalikuwa yamepita sikioni mwake.

"Mulembe, Mayi," Nanzala alimsalimu mama yake kwa Kibukusu, akapiga magoti.

Mama akampapasa uso, paji, mashavu, kidevu.

"Niliposikia mtoto amekufa, nilisema na huyu wangu atamfuata," alisema. "Tangu Julai sijapata usingizi. Namalwa akanihurumia. Akaniambia, kuingia huwezi, lakini twende ukamsikie. Na nimekusikia, mwanangu. Umecheka vile ulikuwa unacheka ukiwa msichana kwangu. Sasa mimi nitalala."

Nanzala alifungua mdomo. Kilio chote cha miezi mitano kilikuwa kimefika kooni, na mapaja ya mama yalikuwa hapo mbele yake. Lakini uso ule wa kizee ulikuwa umetulia kwa furaha, nao ungeharibika kwa neno moja.

"Mama Selpha!" Khisa aliita ng'ambo ya bati. "Chai ya wazee iko wapi?"

Mama yake alishtuka kwa sauti ya mkwewe, akavuta shuka usoni.

"Nenda," alisema. "Unaitwa."

"Ndiyo, Mayi. Nilicheka sana," Nanzala alisema. "Tuko sawa."

Akarudi, akamimina chai vikombe sita. Treni ya kwenda Uganda, iliyopitia upande wa kwao, iliondoka saa kumi na moja. Tryphosa ndiye aliyemshika mama yake mkono mpaka stesheni; Nanzala hakumsindikiza, kwa sababu wazee walikuwa wanataka kikombe cha pili. Mzee Murunga, ameshiba vizuri, akasema hapa pamempendeza, na kwamba Krismasi ijayo pia watakuja hapa hapa.